Maikro-CT: eksirei inayosoma mfupa bila kuukata

Maikro-CT ni upigaji wa picha za eksirei unaoonyesha undani wa kitu kidogo kwa vipimo vya sehemu za elfu moja za milimita. Eksirei ya kawaida hutoa picha moja bapa, mbavu na moyo vikiwa vimelaliana. Kwenye maikro-CT, kipande cha mfupa huwekwa juu ya kisahani kinachozunguka taratibu, kikapigwa picha mamia au hata maelfu kutoka kila upande. Kompyuta huziunganisha kuwa umbo kamili unaloweza kuligeuza, kulikuza na kulipasua kwenye skrini, mfupa wenyewe ukibaki mzima.

Kubaki mzima ndiko kunakoipa thamani katika upelelezi. Kisu cha daktari kikishapita, mtaalamu wa upande wa utetezi hawezi tena kuuona mfupa kama ulivyokutwa. Mfupa ulioungua ni hatari zaidi, kwani kuusafisha tu kunaweza kuusaga.

Kipimo cha CT cha hospitali huona vitu vya takriban nusu milimita. Maikro-CT hushuka hadi maikromita chache (maikromita moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita), ilhali unywele una unene wa maikromita 70 hivi. Wagonjwa hawapimwi nayo kwa sababu mionzi yake ni mingi mno kwa mtu aliye hai.

Mwaka 2014, mjini Birmingham, Uingereza, viungo vya mtu aliyeuawa vilikutwa ndani ya masanduku yaliyotupwa mferejini. Kwingineko polisi waliokota kipande cha mfupa kilichoungua. Je, kilikuwa cha marehemu? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Warwick, wakiongozwa na Profesa Mark Williams, walivipiga picha vyote, wakavikutanisha kwenye kompyuta, vikashikana kama vigae vya chungu kimoja. Alama za msumeno nazo zilisomeka. Ushahidi huo ulifika mahakamani, na mshtakiwa akatiwa hatiani kwa mauaji. Bila shaka alama hizo hueleza habari za msumeno, si za aliyeushika. Kumpata huyo ni kazi ya ushahidi mwingine.

Binafsi naona msaada wake mkubwa uko shingoni. Mtu akinyongwa, ngozi inaweza isionyeshe jeraha kubwa, lakini gegedu za zoloto (kisanduku cha sauti kooni) na kile kimfupa chenye umbo la kiatu cha farasi chini ya ulimi huweza kuwa na ufa mwembamba sana. Ufa huo unaweza kumpita daktari mzoefu mezani, kisha ukaonekana wazi kwenye maikro-CT.