Ligi 20,000 si kina cha bahari

Kuna riwaya ya Kifaransa iliyotoka kitabu mwaka 1869 hadi 1870, ya nyambizi inayozunguka dunia: Ligi Elfu Ishirini Chini ya Bahari (ligi hapa ni kipimo cha umbali). Wengi, hata wapenzi wa riwaya za kisayansi hapa Tanga, huamini namba hiyo ni kina ilichozamia.

Ni rahisi kuelewa hivyo, maana "chini" humfanya mtu awaze kuzama. Tena Kiswahili kina mtego wake: bahari moja ni bahari, na bahari nyingi ni bahari. Kifaransa kimeweka wingi, na wingi huo unaashiria safari, bahari baada ya bahari.

Piga hesabu mwenyewe. Ligi hapa ni kipimo cha zamani cha Wafaransa, kilomita 4. Zidisha kwa 20,000, unapata kilomita 80,000, karibu mara mbili ya mzingo wa dunia. Ukichimba kutoka Raskazone, hapa Tanga, hadi upande wa pili wa dunia, ni kilomita 12,700 hivi tu. Bahari yenyewe, penye kina kikubwa kuliko pote, ni takriban kilomita 11.

Mvuvi hapati shida hii: kina hukitaja kwa pima, mwendo kwa maili.

Kisha fungua kitabu. Sura ya mwisho msimulizi anasema amesafiri ligi hizo chini ya maji. Mbizi kubwa kabisa humo ni mita 16,000, yaani ligi 4. Hapo ndipo mwandishi alipokipita kina cha bahari halisi, na kwangu sura ya mbizi hiyo ndiyo tamu kuliko zote.