Umeisoma wapi? Kutumia na kutaja vyanzo katika andiko la utafiti

Msimu wa tasnifu unapoanza, wanafunzi wa vyuo vya huku Mtwara na Lindi hutujia sisi wakutubi na swali lilelile: koma inakaa wapi, na mwaka unaingia kwenye mabano au hauingii? Ni swali la haki, na jibu lake limo kwenye mwongozo wa idara, uwe wa mtindo wa kutaja vyanzo wa APA, Harvard au mwingine. Ila maandiko mengi hayaharibikii kwenye koma. Yanaharibikia mapema zaidi, pale mwandishi anapotaja kitu ambacho hakukisoma.

Tuchukue Kilwa Kisiwani. Ni nadra kukuta andiko kuhusu biashara ya kale ya pwani ya kusini lisilomtaja Ibn Battuta, msafiri wa Moroko wa karne ya 14, na mara nyingi utaona imeandikwa hivi: (Ibn Battuta, 1331). Huo ni mwaka aliofika Kilwa. Kitabu hakikuwapo bado. Alisimulia safari zake aliporejea Moroko, mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akaziandika, na kazi ikakamilika mwaka 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya ziara yenyewe. Mwanahistoria anayepima uzito wa ushahidi anauhitaji mwachano huo wa miaka, na mabano yale yameuficha. Tena mwanafunzi wetu kwa kawaida hakusoma Kiarabu cha karne ya 14. Alisoma tafsiri, au kitabu cha historia kilichodondoa aya mbili za tafsiri hiyo, au ukurasa wa intaneti uliodondoa kitabu hicho. Kila aliyepitia hapo katikati aliamua kipi akibakize na kipi akiache.

Kwa hiyo taja ulichokisoma wewe. Kama maneno ya Ibn Battuta umeyakuta ndani ya kitabu cha mtu mwingine, andika kwamba ananukuliwa na mwandishi huyo, weka mwaka wa kitabu ulichokishika na ukurasa, kisha kwenye orodha ya marejeo ingiza kitabu hicho peke yake. Wapo wanaoona aibu kuandika hivyo, wakidhani mtahini atawaona wavivu. Mimi nikisoma andiko la namna hiyo namwamini zaidi mwandishi wake, kwa sababu ameniambia amesimama wapi. Na ukiweza kukifikia chanzo cha mwanzo, kifikie. Habari za masultani wa Kilwa, kwa mfano, zimetufikia kwa njia mbili: João de Barros, Mreno ambaye hakufika Kilwa, alizitumia katika kitabu chake cha mwaka 1552, na upo mswada wa Kiarabu ulionakiliwa Zanzibar mwaka 1877, ambao sasa umehifadhiwa London. Njia hizo mbili hazikubaliani kila mahali, hata katika orodha ya watawala. Anayeandika tu kwamba "historia ya Kilwa inasema" amemnyima msomaji nafasi ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Jambo la pili linalotuumiza kichwa ni kubadilisha maneno. Wengi wanaamini ukibadilisha maneno machache, sentensi inakuwa yako. Hapa nitunge mfano wa sentensi iliyomo kwenye chanzo kuhusu ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho: "Ubwiriunga hushambulia machipukizi, maua na korosho changa, na mkulima asiyepuliza salfa kwa wakati hupoteza sehemu kubwa ya mavuno." Mwanafunzi anaandika: "Ubwiriunga huathiri vichipukizi, maua na korosho ndogo, na mkulima ambaye hapulizi salfa mapema hukosa sehemu kubwa ya mazao." Mpangilio ni uleule, hoja ni ileile, na jina la mwandishi halipo. Huu ni wizi wa kitaaluma. Hata jina likiwekwa, sentensi bado ni ya mwandishi wa chanzo, na mwanafunzi ameibandika viraka tu.

Linganisha na hii: "Mwandishi huyo anahusisha hasara ya ubwiriunga na kuchelewa kwa dawa. Hilo linafanya ratiba ya usambazaji kuwa swali la msingi, na utafiti huu unachunguza salfa huwafikia wakulima wa Tandahimba mwezi gani." Hapo chanzo kinatajwa, kinaelezwa kwa ufupi, kisha kinafanya kazi ndani ya hoja ya mwanafunzi. Namna ya kufika hapo ni kusoma aya mara mbili, kufunga kitabu, kuandika ulichoelewa, halafu kukifungua tena kuhakikisha hujayapotosha maneno ya mwandishi. Ukiona maneno yake hayabadilishiki bila kupoteza uzito, yanukuu kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, na ukurasa wake.

Si kila kitu kinahitaji rejea. Kwamba Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961 halina haja. Takwimu zinahitaji, daima. Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,270,854 kwa sensa ya mwaka 2012, na 1,634,947 kwa ile ya 2022. Idadi isiyotajwa sensa yake haimsaidii mtu kupanga hata zahanati. Mwaka wa chanzo una uzito katika sayansi pia. Mjusi mkubwa aliyechimbwa Tendaguru, Lindi, alipewa jina Brachiosaurus brancai mwaka 1914, lakini tangu uchambuzi wa mwaka 2009 wataalamu wengi humwita Giraffatitan. Andiko la leo linalotegemea kitabu cha zamani peke yake limepitwa na mjadala huo.

Kuhusu programu za kukagua ufanano: asilimia inayotoka hapo haikuhukumu wala haikutakasi. Programu inaona maneno yanayofanana, haioni wazo lililochukuliwa kimyakimya. Akili unde nayo imeleta hatari mpya, maana inaweza kukutungia makala ambayo haipo, ikiwa na kichwa, jarida na mwaka vya kuaminika kabisa. Rejea ambayo hujaifungua na kuisoma isiingie kwenye andiko lako.

Nimeacha mwisho chanzo ambacho mikoa yetu imejaliwa na vyuo vyetu vinakidharau, nacho ni wazee. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za Vita ya Majimaji, iliyoanza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, Kilwa. Masimulizi yale yanatumiwa na watafiti hadi sasa. Mzee aliyekusimulia ni chanzo, na anastahili kutajwa kama profesa anavyotajwa. APA huyataja mazungumzo ya ana kwa ana ndani ya matini tu, pamoja na tarehe, kwa kuwa msomaji hawezi kuyafikia. Idara za historia mara nyingi hutaka orodha kamili ya watoa taarifa. Kabla ya kuwasha kinasa sauti, muulize kama anaridhia jina lake liandikwe. Akikataa, taja kijiji na umri wa makadirio, usimtaje jina. Akikubali, muombe pia ruhusa ya kuhifadhi sauti yake maktaba, ili mtafiti mwingine aje aisikilize mwenyewe.