Acheni kufukuza kila kivuli kwenye picha

"Fundi, toa hivyo vivuli, kila kitu kionekane." Kila msimu wa harusi ombi ni hilohilo, na wapiga picha wanaoanza wanalitii kwenye programu ya kuhariri picha: slaida (kitelezi) ya vivuli juu hadi mwisho, ya mwanga mkali chini hadi mwisho, kazi imekwisha. Haijaisha. Imeharibika.

Chukua maharusi wanaotoka kanisani saa saba mchana, jua utosini. Macho ya bwana harusi yamezama gizani, shela la bibi harusi linawaka. Ukifungua vivuli vyote, suti nyeusi inageuka kijivu na kujaa chenga, kwa kuwa pale kamera iliambulia mwanga kidogo mno. Mabegani, suti inapokutana na anga, unazuka ukingo mweupe ambao hakuna aliyeuona siku ile. Kinachoniuma zaidi ni ngozi: uso mweusi unaong'aa unatoka umepauka, kama umepakwa majivu. Tena pua, shavu na mikunjo ya nguo hupata umbo kwa sababu ya kivuli. Ukikifuta, watu wanakuwa bapa. Jua la saa saba lina kivuli kizito, na anayeitazama picha anahisi kuna kitu hakipo hata kama hawezi kukitaja.

Mimi navuta vivuli kidogo, pengine robo ya njia, kisha nashusha slaida ya weusi mpaka ndani ya mlango kule nyuma kuwe kweusi kweli. Uso naufungua peke yake kwa maski laini, yaani kwa kuchagua eneo la uso tu, kingo zikiwa zimefifia. Halafu naondoka mbele ya skrini, maana macho huzoea upesi na kila ulichokizidisha kinaanza kuonekana sawa.

Wengine hubisha kwamba macho yao siku ile yaliona kila kitu. Yaliona, lakini kwa zamu: jicho hujirekebisha kila linapohama kutoka shelani kwenda mlangoni. Picha inaonyesha vyote kwa mara moja.

Wengine hujitetea kuhusu sehemu zilizoungua, yaani zilizozidiwa na mwanga hadi kuwa nyeupe tupu: "Palipoungua utaparudisha." JPEG, faili ya kawaida ya picha, ina ngazi 256 kwa kila rangi, kuanzia 0 hadi 255; nyekundu, kijani na bluu zote zikigonga 255, hapo hamna kitu, na ukishusha mwanga unapata doa la kijivu. RAW (faili ghafi ya kamera) ya biti 14 ina ngazi 16,384 na mara nyingi huokoa kiasi, lakini sensa, sehemu ya kamera inayopokea mwanga, ikishajaa, imejaa. Lindeni shela wakati wa kupiga.

Wala si kila cheupe kinachoungua ni kosa. Jua lenyewe, au mng'ao wake kwenye kioo cha gari, uacheni uungue.

Na HDR, mbinu ya kuunganisha picha tatu za mwangaza tofauti kuwa moja, haifai kwa watu wanaotembea: mkono mmoja unatokea mara mbili. Wasogezeni maharusi kwenye kivuli cha ukuta, au washeni fleshi.