Je, wajua kwa nini picha inakuonyesha kile ulichokipita kila siku?

Siku ya nane baada ya kumzika baba, nilizifua kanzu zake tano tulizokubaliana zitolewe sadaka, nikazianika juu darini, hapa kwetu Mkomani, Lamu. Kaka yangu aliyeko Mombasa alitaka kuziangalia kabla hazijatoka nyumbani. Nikachukua simu, nikapiga picha moja ya haraka, nikamtumia, nikashuka kutazama chungu jikoni.

Baada ya Isha akanipigia. "Dada, ile kanzu ya katikati, pale begani pana nini?"

Nikadhani anakosea. Kanzu ile nilikuwa nimeifikicha, nimeikamua na kuikung'uta kwa mikono yangu mwenyewe. Nikaifungua picha. Jua la jioni lilikuwa nyuma ya nguo, mwanga umepenya kitambaa mpaka nyuzi zinakaribia kuhesabika, na begani pametokea kiraka kidogo, upana wa kucha, kilichoshonwa kwa mkono. Baba alikuwa akiivaa kanzu hiyo Ijumaa kwa Ijumaa, nami nikimwona nayo Ijumaa kwa Ijumaa. Kiraka sikukijua.

Imekuwaje basi simu ikakiona kwa mara moja, na mimi niliyeishi nacho miaka nisikione? Swali hilo halikunitoka, na kulifuatilia kumenisaidia katika miezi migumu kuliko nilivyotarajia.

Tuanze na jicho lenyewe. Nyoosha mkono mbele, utazame kucha ya kidole gumba. Eneo la ukubwa huo, nyuzi 2 hivi za pembe, ndilo pekee unaloliona kwa ukali kamili kwa wakati mmoja. Kwingine kote ni ukungu ambao ubongo unaujaza kwa kumbukumbu na makisio. Ili kufidia hilo, jicho hurukaruka kama mara 3 kwa sekunde, na haliruki ovyo, linakwenda pale penye kazi. Nilipokuwa nafua, kazi yangu ilikuwa madoa. Macho yangu yalikwenda kwenye kola na mikono ya kanzu, mahali jasho linapokaa. Bega halikuwa na doa, kwa hiyo bega halikutazamwa.

Juu ya hilo kuna mazoea. Mwaka 1804 tabibu mmoja wa Uswisi, Ignaz Troxler, alieleza jambo ambalo unaweza kulijaribu hapo ulipo. Kaza macho kwenye nukta moja ukutani bila kuyahamisha. Baada ya muda mfupi, vitu vilivyo pembeni huanza kufifia, hata kutoweka kabisa. Havijaondoka. Mishipa ya fahamu imechoka kuripoti habari ileile. Ubongo wetu umeumbwa kushughulika na kinachobadilika, na kisichobadilika unakifanya kimya. Ni neema, maana bila hivyo tungeshtushwa na kila mlango, kila siku. Lakini ndiyo inayotunyima mlango.

Picha hulivunja hilo kwa njia nyepesi sana: inasimamisha kila kitu, inakikata kando kwa fremu, kisha inakupa nafasi ya kutazama wakati huna kazi nyingine. Kaka yangu hakuwa na nguo ya kufua. Alikuwa amekaa Mombasa, amemkosa baba, akiitazama kila sentimita ya kitambaa.

Lakini jicho ni nusu tu ya habari. Ningepiga picha ile saa sita mchana, kiraka kisingeonekana hata kwa kaka. Kilichokifichua ni mwanga, na hapa naomba tukae kidogo, maana Lamu ina mwanga wake.

Jua linapokuwa juu utosini, miale yake hupita hewani kwa njia fupi. Linapokaribia kuzama, miale hiyo hupita kwa mshazari na kukata hewa nyingi zaidi, hata mara 30 na zaidi pale linapogusa upeo wa macho. Mwingereza John Strutt, ajulikanaye zaidi kama Lord Rayleigh, alieleza mwaka 1871 jinsi chembe ndogo mno za hewani zinavyotawanya mwanga: buluu hutawanywa karibu mara 6 kuliko nyekundu. Njia ikiwa ndefu, buluu inapotelea njiani, na kinachotufikia ni manjano, chungwa na wekundu. Tena mwanga huo unakuja kutoka ubavuni. Mwanga wa utosini hulaza kila kitu kikawa bapa. Mwanga wa ubavuni hukipa kila kijitundu kivuli chake, na kila kijiinuko ncha inayong'aa. Na ukitoka nyuma ya kitambaa, hupenya. Pale begani kitambaa kilikuwa mara mbili, kwa hiyo mwanga uliopita ulikuwa mchache, kiraka kikajichora kama kivuli.

Sisi tuko nyuzi 2 na kitu kusini mwa ikweta, na hilo linafanya mwanga huu uwe mfupi. Jua la kwetu hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Likiwa upana wa vidole vitatu juu ya upeo, una dakika 20 na kitu tu kabla halijazama. Huko London mwezi wa Juni jua linateleza kwa mshazari, na safari hiyohiyo inachukua karibu mara mbili ya muda. Hapa linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache, kama mwanzoni mwa Novemba, na saa kumi na mbili u nusu, kama Februari. Anayetaka mwanga wa jioni hapaswi kuukawilia.

Kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hulikosa. Mji wa Lamu umekaa upande wa mashariki wa kisiwa, umetazamana na Manda. Jua halizami baharini mbele yetu. Linazama nyuma ya mji. Ukisimama gatini jioni, wewe na punda na wachukuzi mko kivulini, kwa sababu nyumba zimeshawakinga, ilhali matanga ya mashua kule mkondoni na mikoko ya Manda bado yamewaka. Picha nzuri ya jioni iko mbele yako, jua likiwa mgongoni. Ukitaka nyumba za pwani zenyewe ziwe za dhahabu, amka baada ya Alfajiri, jua linapochomoza upande wa Manda.

Na ndani ya vichochoro je? Humo jua lenyewe haliingii sana, na ndiyo maana nyuso hupendeza humo. Mwanga unashuka kutoka kwenye ukanda mwembamba wa mbingu, unagonga ukuta mmoja, unarudi kugonga wa pili, na kila ukigonga unatawanyika na kulainika. Chanzo cha mwanga kinakuwa ukuta mzima badala ya kitone kimoja cha jua, kwa hiyo vivuli havina makali. Wapiga picha wa mijini hununua vitambaa vyeupe na vioo kupata hali hiyo. Sisi tulirithi kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa.

Chokaa hiyo nayo ina hadithi inayonifurahisha kila nikiikumbuka. Matumbawe huchomwa tanuruni yakawa chokaa, chokaa ikatiwa maji, ikapakwa ukutani, na hapo polepole ikavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa kemikali ileile iliyokuwa kwenye matumbawe. Ukuta unarudi kuwa jiwe la baharini. Ingia katika nyumba ya kale, uvuke daka (kibaraza cha mlangoni) na tekani (ukumbi wa kuingilia) hadi kiwandani (ua wa ndani), kisha misana (kumbi ndefu), mpaka chumba cha ndani kabisa. Chumba hicho ni chembamba, chini kidogo ya mita 3, kwa sababu boriti za mikoko zinazobeba dari hazizidi hapo. Giza lingekitawala. Lakini mafundi wa karne ya 18 walijaza ukuta wake wa nyuma kwa zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya chokaa nyeupe iliyochongwa, na mwanga mchache unaotoka kiwandani ukapata mahali pa kukamatwa. Vyombo vya kauri vya China viliwekwa humo. Wale watu walijua kuutunza mwanga kabla kamera haijabuniwa. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na nikiulizwa kwa nini, nataja zidaka kwanza.

Sasa kuhusu moyo. Mama alikuwa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki. Baada ya kisa cha kanzu nikaanza kumletea picha moja kila jioni: mlango wa jirani wenye nakshi, punda aliyelala barazani, kifumbu cha tui, tanga likikunjwa. (Kwa lugha yetu tanga la chombo na matanga ya msiba ni neno moja, na siku hizo nililihisi neno hilo kwa uzito wake wote.) Mwanzoni nilifanya kwa ajili yake. Baada ya wiki mbili nikagundua mimi mwenyewe natoka mlangoni nikitafuta, badala ya kutoka nikikumbuka.

Kuna utafiti unaoelekea huko. Mwaka 2016 Kristin Diehl na wenzake wawili walichapisha majaribio 9 yaliyohusisha zaidi ya watu 2,000. Kwa jumla waliopiga picha walilifurahia zaidi jambo walilokuwa wakilifanya kuliko wasiopiga, kwa sababu walizama zaidi ndani yake. Jaribio jingine la 2020 huko Marekani liliwatuma wazee matembezini dakika 15 kila wiki, kwa wiki 8. Kundi moja liliambiwa litembee likitafuta cha kustaajabia, na wote walitakiwa wajipige picha. Wale wa kundi la mshangao, kadiri wiki zilivyosonga, nyuso zao zikawa ndogo zaidi ndani ya picha zao na mandhari ikawa kubwa, na tabasamu zao zikapanuka. Hakuna aliyewaagiza hivyo.

Lakini sitaki kuisifu simu kupita kiasi. Linda Henkel alionyesha mwaka 2014 kwamba watu walioongozwa makumbusho na kupiga picha za vitu walivikumbuka kidogo kuliko waliovitazama tu. Aliyevuta picha karibu kwenye sehemu moja ya kitu hakupata hasara hiyo. Tofauti iko katika kuchagua. Anayepiga 40 bila kuangalia ameiachia simu kazi ya kuona, na anayesogea, akasita, akaamua ni kona gani ya kidaka anayoitaka, ameona kabla hajabonyeza. Tena mwaka 2017 Alixandra Barasch na wenzake waligundua kwamba mpiga picha anayejichagulia cha kupiga hukumbuka zaidi alichokiona na kidogo zaidi alichokisikia. Kwa hiyo adhana ya Magharibi inapoanza, simu yangu huingia mfukoni.

Wala si lazima iwe kamera. Girija Kaimal na wenzake huko Marekani waliwapa watu wazima 39 udongo, kalamu za rangi na karatasi za kukata na kubandika, kwa dakika 45. Karibu watatu katika kila wanne walitoka na kiwango kidogo cha kotisoli, homoni ya msongo, na ujuzi wa awali haukuwa sharti. Mama alikuwa anashona kofia wakati wote huo wa eda. Nilipomsomea habari hii hakushangaa hata kidogo.

Lamu ilikuwa na mzee wake katika fani hii. Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio mjini hapa tangu miaka ya 1960, alijifunza upigaji picha mwenyewe, kisha akawa anakata na kuunganisha picha katika chumba cha giza cha kusafishia picha mpaka sura ya mtu ikachomoza ndani ya ua. Watu wa kawaida wa mji walitoka kwake wakiwa wamechanua. Namheshimu kwa sababu hakutafuta mambo makubwa ya kupiga. Aliwatazama majirani zake.

Majirani, lakini, wana haki yao. Kichochoro cha Lamu ni kama ukumbi wa nyumba, na mama aliyevaa buibui si mandhari. Kumpiga mtu bila ruhusa ni kuingia bila hodi. Mimi husalimia kwanza, masalkheri, nikaomba, na nikinyimwa nikashukuru. Mara nyingi ninayenyimwa sura hunionyesha mwenyewe kitu kingine: "Piga hiki kizingiti, mwanangu, ni cha babu yangu."

Kanzu ya katikati haikutoka sadaka. Siku eda ilipokwisha nilimpa mama simu, nikamfungulia ile picha ya kwanza ambayo nilikuwa nimemficha. Aliikuza kwa vidole viwili, akakitazama kiraka kwa muda mrefu. Kisha akasema uzi ule ulikuwa wa kofia, kwa sababu usiku ule hakuwa na mwingine, na baba alikuwa amesimama mlangoni anamharakisha, Ijumaa imeshafika.