Vitamini D haizibi jino lililotoboka

Jamani hili la kumnunulia mtoto matone ya vitamini D eti jino linaloanza kuoza litapona lenyewe, naomba tulielewe vizuri maana watoto wanaumia. Vitamini D kazi yake ni kusaidia utumbo kufyonza kalsiamu, na jino linaihitaji sana wakati bado linajengeka ndani ya fizi. Likishaota, lile gamba gumu la juu halina seli hai wala mishipa ya damu, sasa hiyo vitamini italifikiaje kulikarabati?

Wazo lenyewe halikutoka hewani, miaka ya 1920 huko Sheffield Uingereza mtafiti May Mellanby aliwapa watoto vitamini D akaona kuoza kwa meno yao kumepungua, ila wengi enzi hizo lishe yao ilikuwa duni mno.

Kuoza kukiwa bado ni doa jeupe kama chaki, hakuna tundu, hapo kweli panarudishika, ila kinachorudisha ni madini yaliyomo kwenye mate yakisaidiwa na floraidi, yaani mswaki mara mbili kwa siku na dawa ya meno yenye floraidi 1000 ppm au zaidi (ppm ni kipimo cha kiasi cha floraidi, soma kwenye tyubu, imeandikwa), soda na pipi zipungue, na daktari wa meno anaweza kupaka floraidi nzito. Tundu likishatokea halijizibi.

Kama mtoto kapimwa ana upungufu mpe vitamini D kama alivyoandikiwa, usimzidishie, ikizidi kalsiamu inapanda kwenye damu na figo zinaumia.