Upasuaji wa zamani kwenye fomu ya hospitali: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwenye benchi la wagonjwa, iwe Kisumu au Nakuru, fomu hujazwa juu ya magoti. Mama mkwe yuko kushoto, jirani kulia, na kalamu ni moja inayozungushwa. Ukifika penye swali la upasuaji uliowahi kufanyiwa, mkono unakuwa mzito. Wengi huandika "hakuna" na kugeuza ukurasa, kwa sababu zinazofanana.

"Daktari ataona kovu mwenyewe." Ataliona, lakini kovu halisemi kilichotolewa. Mshono wa chini ya kitovu unaweza kuwa wa kujifungua, wa mimba iliyotunga kwenye mrija au wa kutoa kizazi. Tena kizazi kinaweza kutolewa kupitia ukeni, na tumboni pasibaki hata alama.

"Hayo ni ya zamani, yalishapona." Hii ndiyo dhana inayoumiza zaidi. Chukua kijana aliyeanguka na boda boda, bandama ikapasuka na kutolewa. Leo anacheza mpira kama kawaida. Lakini bandama ndiyo inayochuja vijidudu kwenye damu, na bila hiyo maambukizi ya bakteria yanaweza kumlemea mtu kwa saa chache tu. Malaria nayo humshika vibaya zaidi, na ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima. Homa yake si ya kumeza panadol na kulala. Anapaswa kufika hospitali siku hiyo hiyo, na awe amechanjwa dhidi ya nimonia na homa ya uti wa mgongo. Mhudumu asiyejua habari ya bandama atamtibu kama mgonjwa mwingine yeyote.

Au mwanamke aliyeugua nasuri (tundu linalovujisha mkojo) baada ya uchungu wa muda mrefu, akashonwa, akapona, kisha akaolewa kwingine. Hataki ukoo wa mume ujue aliwahi kuvuja mkojo, na nani atamlaumu? Ila akipata mimba tena, kwa kawaida hushauriwa kujifungua kwa upasuaji, kwa maana kusukuma mtoto kunaweza kufumua palipozibwa. Mkunga asiyeambiwa atamhimiza asukume. Aliyezaa kwa upasuaji naye aseme mapema: mshono wa kizazi unaweza kupasuka wakati wa uchungu, na baadhi ya dawa za kuanzisha uchungu, kama misoprostol, huongeza hatari hiyo.

"Kusafishwa kizazi si upasuaji." Kuandike. Mwenye damu ya kundi hasi (ile A, B, AB au O yenye alama ya kutoa) anaweza kuwa alitengeneza kingamwili wakati mimba ilipoharibika, na kingamwili hizo zikamdhuru mtoto anayefuata. Daktari hawezi kulifikiria hilo ukimwambia hii ni mimba ya kwanza.

"Nikiandika, mtaa mzima utajua." Hofu hii siipuuzi. Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri ya mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya kati ya zile nyeti. Lakini sheria haimzibi mdomo karani anayesoma fomu kwa sauti. Basi andika "nitamweleza daktari mwenyewe". Ukiingia chumbani, omba uliyekuja naye asubiri nje. Kama ni yeye anayekutafsiria kutoka Kijaluo au Kiluhya, ulizia muuguzi anayejua lugha hiyo. Kisha sema kwa ufupi: upasuaji gani, mwaka gani, hospitali gani.

"Si watanisoma kwenye kompyuta?" Usitegemee faili la Nakuru likufuate hadi Kisumu. Omba muhtasari wa matibabu, ni haki yako, na uupige picha kwa simu.

Fomu ya bima ya kampuni binafsi ni suala jingine kabisa: pale, kuficha kunaweza kuwapa sababu ya kukataa kulipa.

Na hata ukiona haya kutaja upasuaji wenyewe, usifiche yaliyokupata kwenye nusu kaputi. Kama ulichelewa kupumua mwenyewe, joto lilipanda ghafla, au mrija wa hewa ulikataa kuingia, anayekulaza usingizi safari hii lazima ajue kabla hujapanda mezani. Baadhi ya matatizo hayo hurithiwa, kwa hiyo yaliyompata ndugu yako wa damu nayo yatajwe.