Je, David Livingstone anastahili kuitwa shujaa?

Ukiuliza Livingstone, mmisionari na msafiri wa Kiskoti wa karne ya 19, alipata wapi umaarufu wake, mara nyingi utajibiwa kwamba aligundua Maporomoko ya Victoria na kuvuka Afrika peke yake. Jibu hilo lina kasoro kubwa, na kasoro hiyo ndiyo inayovuruga mjadala mzima wa ushujaa wake.

Tuanze na maporomoko. Novemba 1855 alipelekwa pale kwa mtumbwi na wenyeji waliokuwa wakiyaita Mosi-oa-Tunya, na ambao walijua mkondo gani upitike bila maji kuwabwaga chini. Ama safari ya 1853 hadi 1856, kutoka Linyanti, makao ya Wakololo kusini mwa Afrika, mpaka Luanda kwenye pwani ya Angola na kisha mpaka Quelimane kwenye pwani ya Msumbiji, ilikuwa pia safari ya Sekeletu, mfalme wa Wakololo. Ndiye aliyetoa watu, zaidi ya mia moja kwa upande wa mashariki pekee, pamoja na pembe za ndovu, kwa sababu alitaka njia ya biashara hadi pwani. Wala bara halikuwa geni kwa wasafiri: Pedro João Baptista na Amaro José, Waafrika waliotumwa na Wareno, walitoka Angola wakafika Tete, Msumbiji, mwaka 1811, miaka miwili kabla Livingstone hajazaliwa. Kuhusu chanzo cha Nile, alichokitafuta katika miaka yake ya mwisho, alikosea. Mto Lualaba alioudhani kuwa Nile huingia Mto Kongo.

Basi alisafirije? Msafara wa bara ulikuwa kazi yenye utaratibu wake. Mbele alikwenda kirangozi, aliyejua njia, visima, na mahali pa kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita. Wapagazi walimfuata, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili, zaidi kidogo ya kilo 30: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba. Hiyo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani, na kila nchi ilikuwa na shanga zake. Ukija na rangi isiyotakiwa, hupati hata mtama. Mzungu katika msafara huo alikuwa kama abiria wa basi anayeandika majina ya vituo. Daftari lake lina faida kwa watakaokuja baadaye, lakini barabara ilikuwapo na usukani haukuwa mikononi mwake.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ulikuja baada ya kifo chake, mwanzoni mwa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo katika Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, wangeweza kumzika wakaenda zao. Walizika moyo na matumbo chini ya mti wa mpundu, wakautia mwili chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakauzungushia kitambaa na gamba la mti, kisha wakashonea turubai na kulipaka lami. Wakaanza kutembea kuelekea Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, Luteni Cameron wa Uingereza aliyekuwa akisafiri bara aliwashauri wamzike hapo hapo; wakakataa. Mbele kidogo wenyeji walikataa maiti isipite kwao. Wakafunga fungu la vijiti kwa mfano wa maiti, wakalirudisha Unyanyembe kana kwamba linakwenda kuzikwa, huku mwili wenyewe wakiufunga upya kama mtumba wa nguo. Februari 1874 waliingia Bagamoyo. Huko walilipwa ujira na kuachishwa kazi. Kati yao ni Jacob Wainwright tu aliyefika kwenye mazishi katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili.

Je, hana lake? Analo, nalo ni zito. Chuma mwenyewe alikombolewa akiwa kijana mwaka 1861, Livingstone na wenzake walipouzuia msafara wa watumwa katika nyanda za juu za Shire, Malawi ya leo. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia watu wakipigwa risasi kwa mamia sokoni Nyangwe, Kongo ya leo, akaandika alichokiona, na taarifa yake ikaongeza nguvu kampeni iliyomfikisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa Zanzibar mwezi Juni 1873. Kampeni hiyo ilikuwapo kabla yake, hivyo hatuwezi kumpa sifa zote. Tena, kwa miaka kadhaa aliishi kwa msaada wa wafanyabiashara wale wale aliowalaani, Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, akiwamo.

Mimi namkubali kama shahidi jasiri wa biashara ya watumwa. Cheo cha mgunduzi simpi. Na yeyote anayemwita shujaa wa safari za bara, awaweke Susi na Chuma juu yake: Livingstone alipokufa, wao waliendelea na kazi. Mwaka 1879 Keith Johnston, kiongozi wa msafara mwingine wa Waingereza, alifariki njiani. Akabaki Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, na aliyeusimamia msafara huo mpaka ukarudi pwani salama alikuwa Chuma.